Mtoto akizoea mgongo, kitanda hukiona adui

Katika nyumba za Kaloleni, Nairobi, zilizojengwa miaka ya 1940, chumba kimoja aghalabu ndicho sebule, jikoni na pahali pa kulala. Mtoto mchanga akilia usiku, hata jirani hukesha. Ndiposa akina mama wengi humfunga mtoto mgongoni kwa leso mpaka asinzie.

Kumbeba si kosa. Tatizo ni kwamba mtoto asiyejua njia nyingine ya kupata usingizi, akizinduka usiku wa manane na kujikuta kitandani, huudai mgongo ule ule.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2019 kuwa mtoto wa chini ya miezi minne huhitaji usingizi wa saa 14 hadi 17 kwa siku, na wa miezi minne hadi 11 saa 12 hadi 16, pamoja na ule wa mchana.

Anza polepole akitimu miezi minne hivi. Mnyonyeshe, mbadilishe nepi, punguza taa na redio, kisha mlaze macho yakiwa mazito lakini hajalala. Akinung'unika, ngoja kidogo. Akilia kweli kweli, mpapase na umbembeleze papo hapo kitandani. Baba na yaya nao wafuate utaratibu huo huo. Lakini usimnyime titi usiku. Umri huo bado huamshwa na njaa.

Mlaze chali, ndani ya neti, bila mto wala blanketi karibu na uso. Na jiko la makaa litoke nje kabla ya mlango kufungwa: gesi yake haionekani wala hainuki, nayo huua familia nzima usingizini.