Kocha wa Zamani Akirudi, Nini Hurudi Naye?

Juzi nilikuwa Ishiara, kaunti ya Embu, kumtembelea rafiki niliyesoma naye chuoni. Joto la huko ni kama la kwetu, ila hakuna upepo wa bahari wa kukupoza. Jioni tulikaa hotelini tukinywa chai, na nikakuta mabishano makali kuhusu raga. Wengine walitaka Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba kila upande, irudishiwe kocha wa zamani. Wengine wakasema aliyekwenda amekwenda. Mzee mmoja akanigeukia: "Sheikh, nyinyi watu wa Pwani mwasemaje?"

Nikawaambia jambo hili tumeshalijaribu, basi tuangalie lilivyokwenda.

Marehemu Benjamin Ayimba aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai mwaka 2009. Baadaye akaondoka, na mwaka 2015 akarejeshwa. Tarehe 17 Aprili 2016 tukaichapa Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, taji letu la kwanza katika Raga ya Dunia. Waliotaka arudi walionekana wameshinda hoja. Lakini Agosti mwaka huo huo, kocha akiwa yeye yule, tulimaliza nambari 11 kwenye Olimpiki ya Rio. Fiji tuliyoichapa ndiyo iliyobeba dhahabu.

Innocent Simiyu naye alitufikisha fainali mbili mwaka 2018, Vancouver na Hong Kong. Mwaka huo wachezaji waliifunika nembo ya mdhamini kwenye jezi zao wakiwa Paris, wakilalamikia malipo. Simiyu akaondoka mwaka huo, akarudi 2020, na Tokyo tukamaliza nambari 9.

Hata kwenye soka ni vivyo hivyo. Jacob "Ghost" Mulee aliipeleka Harambee Stars Kombe la Afrika 2004 nchini Tunisia. Aliporudi Oktoba 2020, hakumaliza mwaka.

Sisemi makocha hawa hawakujua kazi. Kocha anayerudi huja na ujuzi wake, jicho la kuchagua wachezaji, na pengine imani ya vijana waliomzoea. Lakini haji na posho mfukoni. Haji na kambi ya mazoezi, wala na wale wachezaji wa enzi zake, ambao sasa wamezeeka. Hayo ni kazi ya chama na serikali. Na kila tunapobishana kuhusu jina la kocha, wenye kushika mfuko hukaa kimya wakapumzika.

Kijana aliyekuwa akituletea chai akasema yeye hucheza raga shuleni, juu ya vumbi na mawe, na mpira wao ni mmoja. Hotelini pakawa kimya kidogo.

Basi, kabla hujadai fulani arudishwe, uliza kwanza: atapewa mkataba wa muda gani? Wachezaji watalipwa lini? Vijana kama yule wa Ishiara wataonekana na nani? Majibu yakiwepo, arudi wa zamani au aje mpya, si neno. Yasipokuwepo, tutakuwa tunabadilisha nahodha tu, na jahazi lingali linavuja.