Abeti Masikini, mtoto wa Kisangani aliyeongoza orkestra yake mwenyewe

Kabla ya kuitwa Abeti Masikini, alikuwa Elisabeth Finant. Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka 1954 huko Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Jina la Finant lilikuwa zito kulibeba. Baba yake, Jean-Pierre Finant, mfuasi wa Patrice Lumumba, ndiye aliyeongoza serikali ya kwanza ya jimbo la Mashariki wakati wa uhuru. Mwezi wa pili mwaka 1961, wiki chache tu kisha Lumumba kuuawa, naye aliuawa Bakwanga, leo Mbuji-Mayi. Binti yake alikuwa na miaka 6.

Jamaa ilihamia Kinshasa. Huko, mwaka 1971, msichana huyo aliingia katika mashindano ya vijana wenye vipaji yaliyotayarishwa na Gérard Akueson, mtu wa Togo. Hakushinda: alitoka wa tatu. Lakini Akueson alisikia sauti ile, akamchukua, akawa mtayarishaji wake na baadaye mume wake.

Kinshasa ya wakati ule ilikuwa ya rumba, na orkestra zilikuwa mikononi mwa wanaume: Franco, Tabu Ley, Verckys. Mwanamke aliweza kuimba, lakini nyuma ya mwanaume. Abeti alikuja na mambo mengine kabisa. Aliimba blues, nyimbo za polepole, ngoma za asili na hata soukous, kwa Kilingala, Kiswahili na Kifaransa. Alicheza pia, akivaa mavazi ya kushangaza, akizungukwa na wachezaji wake. Orkestra ilikuwa yake: Les Redoutables. Wapiga gitaa walikuwemo ndugu yake Abumba Masikini, aliyemtungia nyimbo. Watu wakampa jina la Tigresse mwenye makucha ya dhahabu, na aliyemwona jukwaani hakuuliza sababu.

Wapenzi wa rumba mjini Kinshasa hawakumpokea haraka. Ni Paris iliyofungua mlango. Mwaka 1973, akiwa bado na miaka 18, aliimba Olympia, na disko yake ya kwanza ikatoka chini ya jina la Pierre Cardin, mshonaji mashuhuri wa Ufaransa. Mwaka 1974 alikuwa Carnegie Hall, New York. Mwaka huohuo, mwezi wa 9, alipanda jukwaa la Kinshasa katika tamasha kubwa lililoandamana na pigano la Ali na Foreman, pamoja na James Brown, Miriam Makeba na B.B. King. Basi, nani angesema tena kwamba msichana huyu hajui muziki wa nyumbani?

Muziki ulipobadilika, naye alibadilika. Mwaka 1986 wimbo « Je suis fâché » ulichezwa kila mahali, kutoka Kinshasa hadi Afrika ya Magharibi. Miaka miwili baadaye aliimba Zénith ya Paris.

Ugonjwa wa kansa ulimkatiza njiani. Alifariki huko Ufaransa tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 1994, akiwa na miaka 39. Wakati huo Mbilia Bel, aliyeanza kazi akiwa msichana mdogo nyuma ya Abeti, alikuwa tayari mwimbaji mkubwa wa Afrika. Na Lokua Kanza, aliyempigia gitaa, alikuwa amekwisha toa disko yake ya kwanza mjini Paris.