Asili ya Neno Rekodi

Neno "record" la Kiingereza, ambalo sisi tumelipokea tukaliita rekodi, wengi hulidhani kuwa ni neno la makaratasi na mashine tu, ilhali asili yake ni moyo. Kwani Warumi wa kale, walioufanya moyo kuwa makao ya kumbukumbu, walikuwa na kitenzi "recordari", kilichotokana na "cor", yaani moyo, na maana yake ilikuwa kulirejesha jambo moyoni. Wafaransa wakalirithi kwa maana ya kukariri na kusimulia kwa sauti, na kwao ndiko Waingereza walikolitwaa katika karne za kati, likashika makao yake mahakamani, mahali ambapo ushahidi wa ulimi ulikuwa na heshima kubwa kabla ya wino kutamalaki. Hata ile filimbi ya mbao iitwayo "recorder" ilipata jina lake katika maana hiyo ya kukariri, kwa kuwa mwanafunzi huurudiarudia wimbo mpaka auhifadhi.

Thomas Edison alipovumbua fonografu mwaka 1877, neno likahamia kwenye sauti. Na mwaka 1928, mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, akarekodi nyimbo, na santuri zake zikaenea pwani yetu yote.

Basi, ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mzee ajuaye nasaba na tenzi kwa ghaibu, mketie karibu uyaandike maneno yake angali hai.