Kiswahili Redioni: Tujifunze kwa Waliotutangulia

Familia kadhaa zimeniuliza swali lilelile. Ukitafuta stesheni hapa Uingereza unasikia Kihindi, Kiurdu, Kipunjabi na Kigujarati. Mbona Kiswahili hatukisikii? Wenzetu walifanyaje?

Tuangalie mji wa Leicester. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasihamie huko. Maelfu walihamia hata hivyo. Mwaka 1976 BBC Radio Leicester ikaanzisha kipindi cha jioni kwa wakazi wenye asili ya Asia Kusini. Kipindi hicho ndicho kilichozaa BBC Asian Network, ambayo tangu 2002 inasikika nchi nzima kwa redio ya kidijitali. Wafanyabiashara nao hawakubaki nyuma: Sunrise Radio ilianza London mwaka 1989, na inaishi kwa matangazo ya biashara.

Faida yake ni kubwa kuliko nyimbo za filamu. Bibi asiyejua Kiingereza anapata habari bila kumsubiri mjukuu atoke shule amtafsirie. Mjukuu naye anasikia lugha ya nyumbani ikitumika mbele za watu, haoni haya kuizungumza. Sisi tuliopita kambini tunajua redio moja ilivyokusanya watu.

Kwa hiyo, zingatieni mambo haya:

Kwanza, kusikiliza redio hakuhitaji leseni ya televisheni. Msizime redio kwa kuogopa faini. Leseni inahitajika mkitazama televisheni wakati kipindi kinarushwa, chaneli yoyote ile, hata kwa simu, au mkitumia BBC iPlayer.

Pili, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, inapatikana kwa intaneti. Mwekeeni mzee kwenye simu yake.

Tatu, ulizeni kama mji wenu una redio ya jamii. Tangu 2004 sheria inaruhusu vituo vidogo visivyotafuta faida, vinavyopewa leseni na Ofcom. Vinatakiwa kuwashirikisha wakazi wa eneo lao, na mara nyingi vinahitaji watu wa kujitolea. Hamhitaji kuanzisha kituo chenu. Ombeni saa moja kwa wiki. Nendeni watatu au wanne, wazee kwa vijana, mkiwa mmeandika kipindi kitahusu nini, nani atatangaza, na nani atashika nafasi yake akiugua. Wenye kituo huogopa kipindi kinachokufa baada ya wiki tatu.

Na tafadhali, msigombane kuhusu Kiswahili cha nani ndicho safi. Kihindi na Kiurdu huandikwa kwa herufi tofauti, lakini wasemaji wake wakiongea wanaelewana, na nyimbo zilezile zinawaburudisha wote. Cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Mombasa vyote vinatosha kumwambia mama mwenzako tarehe ya chanjo au mahali pa darasa la Kiingereza.

Anayetaka kuandikia kituo aje na wazo lake siku ya miadi. Barua tutaiandika pamoja.