Darubini ya begi la mkononi: kioo kisafiri, mbao zipo Buhare

Jioni za Juni, masika yakishakwisha, simama Buhare, mjini Musoma, kwenye saa mbili usiku uangalie kusini. Msalaba wa Kusini umesimama wima juu ya miti. Geuka kaskazini, utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa. Musoma iko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, ndiyo maana pande zote mbili za anga hufunuka kwa saa ileile. Mwenyeji wa London hajawahi kuuona Msalaba huo akiwa nyumbani kwake, na wapenzi wa nyota kutoka Ulaya hupanda ndege kuja kuutafuta.

Tatizo ni chombo. Darubini nzuri ya dukani ni bomba refu lenye stendi nzito. Nchini Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen wa Travelling Telescope wamezunguka shuleni na darubini yenye kioo cha inchi 12, nayo husafirishwa kwa gari. Mtu anayetoka Musoma kwenda kupanda ndege Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa basi, anahitaji kitu kinachokaa mapajani. Kitu hicho kinaweza kutengenezwa na seremala yeyote wa mtaani anayejua kupima, kwa sharti kwamba sehemu chache tu ziagizwe: vioo na lenzi.

Darubini ya aina hii hukusanya mwanga kwa kioo kilichobonyea. Isaac Newton alitengeneza ya kwanza mwaka 1668, ndogo ya kushikwa mkononi. Kioo chenye upana wa milimita 150 kinatosha kabisa kwa msafiri. Mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 hivi. Linganisha maeneo ya miduara hiyo miwili, utapata kwamba kioo kinakusanya mwanga mara 450 na zaidi kuliko jicho tupu. Kioo hicho kina uzito wa kama kilo moja.

Bonde lake ni dogo ajabu. Kwa kioo cha milimita 150 kinachokutanisha mwanga umbali wa milimita 750, katikati pamechimbwa chini ya milimita 2. Ugumu uko kwenye usahihi: uso wake hautakiwi kukosea zaidi ya nanomita 70 hivi, yaani takriban sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Wapo wanaosaga wenyewe, kioo juu ya kioo kwa unga wa msasa, kisha lami na unga wa kung'arishia, na ni kazi ya heshima. Lakini hatua ya mwisho, kupaka utando wa alumini, hufanyika ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua kioo kikubwa, kioo kidogo bapa cha kugeuza mwanga, na lenzi mbili za jicho. Vyote vinaenea kwenye kopo la plastiki la chakula, na ndugu anayerudi kutoka nje anaweza kuvileta bila kulalamika.

Vingine vyote viko Musoma. Mmarekani John Dobson, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mtawa San Francisco alipoanza kutengeneza darubini kubwa kwa vioo chakavu, makaratasi magumu na mbao, akaziweka njiani wapita njia watazame. Stendi yake ya mbao, inayozunguka na kuinama bila gia yoyote, ndiyo tunayoiiga hapa.

Tengeneza kisanduku cha plaiwudi chenye upana wa sentimita 20 hivi kwa ajili ya kioo kikubwa. Tengeneza na fremu ya mraba ya kushika kioo kidogo na lenzi ya jicho. Kati ya viwili hivyo weka fito za alumini, zile mafundi wa madirisha wanazobakiza, zenye urefu wa sentimita 50. Zifunge kwa boliti na nati zenye masikio, zile za kukaza kwa vidole, kwa sababu spana itakuletea maswali kwenye ukaguzi. Fundi cherehani akushonee mfuko wa kitambaa cheusi wa kuvisha fito, taa za jirani zisiingie. Mbao za stendi zichongwe zifunguke ziwe bapa. Panapozunguka, bandika fomaika upande mmoja na vipande vya teflon upande wa pili. Isipopatikana teflon, kibao cha plastiki cha kukatia nyama kinafanya kazi vizuri.

Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la mkononi lenye urefu wa sentimita 55, na mengi yanakomea kilo 7. Fito za sentimita 50 zinaingia. Kioo kiende nawe ndani ya ndege, kimefungwa na sponji ya godoro pande zote, uso wake usiguse kitu. Mashine ya ukaguzi haikidhuru. Ukiulizwa, sema, "Ni kioo cha darubini, afande, naomba kisiguswe kwa vidole," maana mafuta ya vidole hula ule utando. Bisibisi iende kwenye mzigo wa chini. Betri za akiba zibaki nawe, kwa sababu sheria za usafiri wa anga hazitaki ziwe kule chini. Ukifika, viweke vioo nje nusu saa vizoee joto la hewa kabla ya kutazama. Na usikaze sana vishikizo vya kioo: kikibanwa, nyota zote huonekana na pembe tatu.

Usiku wa kutazama Buhare una jirani yake. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, ndipo taa zao huvuta samaki, na mtazama nyota naye anautaka usiku huohuo. Kwa hiyo lipe Ziwa Victoria mgongo na uelekee kusini au mashariki. Katika Juni hiyo anza na Omega Centauri, ambayo kwa macho ni nyota yenye ukungu. Kwenye kioo cha milimita 150 inaanza kutawanyika kuwa vumbi la nyota nyingi mno. Usiku ukiendelea, kitovu cha Njia ya Maziwa hupanda juu sana, na hapo lenzi yenye nguvu ndogo ndiyo tamu kuliko yenye nguvu kubwa.

Jicho nalo lina utaratibu wake. Seli za retina zinazoona gizani hutumia kemikali iitwayo rodopsini, inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga mkali huivunja, na huhitaji dakika 20 hadi 30 kurudi, ndiyo maana mtu mmoja akiwasha simu anawaharibia wote; tumia tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu. Mwili ukipungukiwa vitamini hiyo, dalili ya mapema ni kutoona vizuri jua likizama. Kanda ya ziwa ina dawa zake sokoni: dagaa wanaoliwa wazima, maini, viazi lishe, matembele. Mtoto anayejikwaa kila magharibi apelekwe kituo cha afya, na walio chini ya miaka mitano wasikose matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi sita.

Hatari kubwa ni Jua, na hapa naomba msomaji asome taratibu. Kioo cha milimita 150 kikielekezwa kwenye Jua la adhuhuri hukusanya wati 16 hivi na kuzibana kwenye doa la milimita 7 hivi. Retina haina neva za maumivu. Inaungua na mtu hajui hadi saa kadhaa baadaye. Mchana, kioo kifunikwe daima, hata ndani ya nyumba karibu na dirisha, maana kinaweza kuwasha pazia.

Septemba 1, 2016, Jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, Mbarali, sehemu kubwa ya Tanzania iliona kupatwa kwa sehemu. Kila tukio la namna hiyo, filamu za eksirei, vioo vya moshi na beseni la maji hutolewa, na hakuna hata kimoja kinachozuia vya kutosha miali inayodhuru. Kichujio cha Jua hufungwa mdomoni mwa darubini, mbele kabisa, kabla mwanga haujafika kwenye kioo. Vichujio vile vidogo vya kuchomeka kwenye lenzi ya jicho huweza kupasuka kwa joto.

Agosti 2, 2027, Jua litapatwa kikamilifu Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6. Atakayepanda ndege na darubini yake kwenda huko ataondoa kichujio katika dakika hizo tu na kukirudisha kabla ukingo wa Jua haujachomoza. Atakayebaki Musoma ataona sehemu tu ya Jua ikimegwa mchana huo, na kichujio chake hakitaondoka hata kwa sekunde moja.