Kemia ya ghalani: chumvi, chupa na uhai wa watu Ukambani

Mwulize mwanafunzi wa shule ya upili chumvi ya mezani ni nini, naye atakujibu bila kusita kuwa ni kloraidi ya sodiamu. Kisha mwulize chumvi hiyo yaweza kumfahamisha nini mama yake kuhusu gunia la mahindi lililosimama pembeni mwa chumba, na yamkini atanyamaza. Ukimya huo ndio mada yangu leo, kwa maana katika Kitui na Makueni ujuzi mdogo wa jikoni na ghalani si jambo la mzaha. Kuukosa kumepata kuwagharimu watu uhai.

Mnamo Mei 2004 Wizara ya Afya ilianza kupokea habari za watu waliougua homa ya manjano ya ini kwa wingi usio wa kawaida katika sehemu za mashariki ya nchi. Macho yaligeuka rangi, matumbo yalijaa maji, na wengi hawakunyanyuka tena kitandani. Kufikia Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao wakawa wamefariki. Walio wengi walikuwa wa wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati huo. Haikuwa kipindupindu wala ugonjwa mgeni. Ilikuwa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wataalamu wa Kiswahili wameipa jina zuri la sumukuvu, nayo ilikuwa ndani ya mahindi yaliyolimwa, yakavunwa na kuhifadhiwa na walaji wenyewe.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mnamo 1981, Makueni ikiwa ingali sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua vivyo hivyo na 12 wakafa. Ulimwengu kwa jumla ulikwisha kuonywa tangu 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Kuvu yenyewe huitwa Aspergillus flavus, na jina la aflatoksini limeundwa kutokana na jina hilo.

Kuvu hii huishi udongoni. Huupanda mhindi ungali shambani, hasa mmea unapodhoofishwa na ukame na joto, mambo ambayo Ukambani haukosi. Ikiingia ghalani pamoja na punje zenye unyevu, hustawi na kutoa sumu. Sumu hiyo ikimezwa huenda moja kwa moja kwenye ini. Ikiwa nyingi, humwua mtu kwa siku au majuma machache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini, na hatari huzidi mno kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo, asidhani msomaji kwamba pasipo na mazishi hapana madhara.

Mwaka huo wa 2004 wachunguzi walipima bidhaa 350 za mahindi zilizouzwa katika masoko 65 ya eneo lililoathirika. Zaidi ya nusu, yaani asilimia 55, zilikuwa na sumu iliyopita kiwango cha mikrogramu 20 katika kila kilo, kilichokuwa kikomo cha Kenya wakati huo. Asilimia 7 zilipita mikrogramu 1,000. Mahindi yalikuwa yamevunwa Februari, katikati ya mvua zilizokuja kabla ya wakati wake, na kwa kuwa chakula kilikuwa haba, watu wengi waliyaweka ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi. Chumba chenye joto, hewa isiyopita na punje mbichi ni mambo matatu ambayo kuvu haiwezi kuomba zaidi yake.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko imani nyingi potovu zilikojificha. Ya kwanza ni kwamba moto huondoa kila uchafu. Ni kweli kuwa kuchemsha huua kuvu. Lakini sumu iliyokwisha kutolewa hubakia, kama vile kumwua nyoka kusivyoitoa sumu mwilini mwa aliyekwisha kuumwa. Aflatoksini aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, huanza kuvunjika katika joto linalokaribia nyuzi 270 za Selsiasi. Maji ya isyo yanayotokota sufuriani hayapiti nyuzi 100, na katika miinuko ya Ukambani hata 100 hayafiki. Ukiongeza kuni utamaliza kuni tu. Kuosha nako hakutoshi, kwa sababu sumu hii haiyeyuki kwa urahisi majini.

Ya pili ni kwamba jicho laweza kuamua kila kitu. Kuchambua ni jambo jema sana, na punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani na manjano ya ukungu zitolewe zote, kwani aghalabu ndizo zenye sumu nyingi. Hata hivyo, punje yaweza kuonekana safi nayo imekwisha kuharibika. Aliyechambua amepunguza hatari. Hajaimaliza.

Hapa ndipo ninapotaka kuwasifu akina mama wa Ukambani. Muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa kinuni hadi ganda na kiini vikatoka, si chakula kitamu tu. Sehemu kubwa ya sumu hukaa katika sehemu hizo hizo zinazotolewa. Watafiti wa Kenya walioupima mwenendo huo walichapisha mnamo 2008 kwamba kukoboa kulipunguza sumu kwa wastani wa takriban asilimia 47, na kwamba kuloweka na kuchemsha muthokoi katika maji ya magadi kuliipunguza zaidi. Kumbe bibi zetu walikuwa wakifanya kemia bila kuiita hivyo! Magadi ni besi, na besi hufungua sehemu moja ya molekuli ya sumu na kuidhoofisha.

Lakini mwanafunzi mwema asishangilie kabla ya kupiga hesabu. Mahindi yenye mikrogramu 1,000 kwa kilo yakipunguziwa nusu yatabakiwa na 500, ilhali kikomo cha Kenya siku hizi ni 10. Isitoshe, molekuli iliyofunguliwa na besi yaweza kujifunga tena ikikutana na asidi, na tumbo la binadamu lina asidi tele. Basi muthokoi na magadi ni wasaidizi wa mahindi yaliyo mazuri. Hayawezi kuyageuza mahindi yaliyooza yakawa chakula. Na lile ganda lililotoka kinuni lisitupiwe kuku wala ng'ombe kama mahindi yalitiliwa shaka, kwani ndilo lililobeba sumu. Ng'ombe akilishwa chakula chenye sumukuvu, sehemu yake hutokea katika maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi.

Dawa ya kweli, basi, ni kuizuia sumu kabla haijazaliwa, na hapo ndipo chumvi inapoingia. Twaa chupa ya kioo iliyo safi, kavu kabisa na yenye kifuniko. Kaanga chumvi kidogo juu ya jiko hadi ikauke barabara, kisha iache ipoe. Tia chupani mahindi hadi kama thuluthi moja, weka vijiko vichache vya chumvi hiyo, funika, utikise kwa dakika moja, halafu uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaopita asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Chumvi ikianguka chini na kuziacha kuta safi, unyevu umeshuka chini ya hapo.

Kwa nini huwa hivyo? Chumvi safi huanza kuvuta maji hewani pale unyevu wa hewa inayoizunguka unapofika kama asilimia 75. Mahindi yaliyofungiwa chupani huipa hewa ile unyevu wake, na yale yenye maji asilimia 15 huifikisha karibu na kiwango hicho. Kwa bahati njema, kuvu yetu huhitaji hewa yenye unyevu zaidi kidogo ya hapo ili istawi. Kwa hiyo chumvi hulalamika kabla kuvu haijaanza karamu yake. Hata hivyo, kiwango kinachotakiwa Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa minajili hiyo, chumvi ikishaacha kugandama, mahindi yaanikwe tena siku moja au mbili za jua kali ndipo yatiwe gunia.

Kuanika nako kuna adabu zake. Mahindi yatandazwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu, kwa kuwa udongo ndio makao ya kuvu. Yatandazwe kwa tabaka jembamba, yageuzwe mara kwa mara, na yafunikwe kabla ya umande wa jioni. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwenye uwezo atumie magunia yasiyopitisha hewa, ambayo humwua dumudumu kwa kumnyima oksijeni na kuidumaza kuvu pia. Lakini atakayefungia humo mahindi mabichi ajue ameufungia unyevu ndani.

Najua jibu litakalotolewa. Mwenye njaa hachagui, na mama aliyebaki na debe moja hawezi kuambiwa alitupe. Hoja hiyo ni nzito na sitaidharau, kwa kuwa njaa na hofu ya wezi ndizo zilizoyaingiza mahindi mabichi vyumbani mwaka ule. Lakini upimaji wa chupa hauhitaji mtu atupe kitu. Hugharimu chumvi ya shilingi chache, nao hufanywa siku ya mavuno, wakati bado jua laweza kuokoa kila punje. Chaguo chungu kati ya njaa na sumu huja baadaye, kwa yule ambaye hakupima. Fauka ya hayo, mtama, mawele, mbaazi na pojo huustahimili ukame wa kwetu kuliko mhindi, na shamba lililochanganya mimea haliiachi familia ikilitegemea gunia moja tu.

Nawageukia walimu. Shule za bweni ni miongoni mwa maghala makubwa vijijini. Katika nyingi, mzazi asiye na fedha huruhusiwa kulipa karo kwa mahindi na maharagwe, nayo ni desturi ya huruma inayowabakisha watoto darasani. Lakini magunia hayo hutoka nyumba mbalimbali, na gunia moja bovu likichanganywa na mengine huwafikia wanafunzi mamia katika mlo mmoja. Je, ni nani huyapima yanapofika langoni? Aghalabu hupimwa uzito peke yake.

Pendekezo langu ni jepesi. Kila shule ya Kitui na Makueni iweke chupa tatu na chumvi kavu karibu na mizani. Kazi ya kutikisa wapewe wanafunzi wa somo la sayansi, waandike matokeo daftarini, nao wajifunze humo habari za unyevu, mizani ya hewa na tabia ya chumvi kuliko watakavyojifunza ubaoni. Mtaala wa umilisi unadai mafunzo ya namna hiyo hiyo. Gunia likishindwa, mzazi asifukuzwe nalo, kwa maana atakwenda kulisaga au kuliuza sokoni, na sumu itakuwa imehama tu. Shule ina uwanja, ina turubai na ina vijana wenye nguvu. Mahindi yaanikwe pale pale hadi chumvi ikubali, ndipo yapokewe kwa hesabu ya mzazi huyo. Yale yaliyokwisha kuota ukungu yachambuliwe mbele yake na kuteketezwa, naye aelezwe sababu kwa heshima, ili msimu ujao apime mwenyewe nyumbani kabla hajafunga gunia.