Nguvu za Kiume Zikipungua, Kapime Presha na Sukari

Mwanaume anayeshindwa kusimamisha uume mara nyingi hutafuta msaada kila mahali isipokuwa hospitalini. Wengine hununua tembe dukani bila agizo la daktari. Wengine hunywa dawa za mitishamba zinazouzwa kwenye steji za matatu. Wengine hunyamaza tu, wakaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Wote hao hukosa jambo moja muhimu: kupimwa presha na sukari. Vipimo hivyo huchukua dakika chache, na vinaweza kuokoa maisha.

Tatizo huanzia wapi?

Uume husimama unapojaa damu. Ubongo hutuma ujumbe kupitia neva, mishipa ya damu hupanuka, damu huingia kwa wingi na kuzuiliwa humo. Sehemu yoyote ya safari hiyo ikiharibika, jogoo hapandi mtungi.

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, yenye upana wa milimita 1 hadi 2 hivi. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuganda ndani ya mishipa, au presha na kisukari vikianza kuiharibu, ile myembamba ndiyo hutangulia kuonyesha dalili. Ndiyo maana nguvu za kiume zinaweza kupungua miaka kadhaa kabla ya mtu kupata maumivu ya kifua au mshtuko wa moyo. Anayetibu dalili hii kwa siri huenda anazima kengele huku nyumba ikiungua.

Visababishi vingine ni sigara, pombe nyingi, unene uliopita kiasi, upungufu wa homoni, jeraha la uti wa mgongo, upasuaji wa tezi dume, na baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo. Wasiwasi, madeni na ugomvi wa nyumbani pia huchangia. Kwa kawaida, mwanaume ambaye bado huamka asubuhi uume ukiwa umesimama, lakini hushindwa akiwa na mwenzake, huenda chanzo chake kiko zaidi kwenye mawazo kuliko kwenye mishipa.

Wakati wa kutafuta msaada

Kushindwa siku moja kwa sababu ya uchovu au pombe si ugonjwa. Nenda kituo cha afya ikiwa hali hiyo inajirudia kwa wiki kadhaa, ikiwa una kisukari, presha au ugonjwa wa moyo, au ikiwa ilianza baada ya kuanzishiwa dawa mpya. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako mwenyewe. Mweleze daktari, naye anaweza kukubadilishia.

Umri usiwe kisingizio. Ni kweli tatizo huongezeka kadiri miaka inavyosonga: utafiti uliofanywa Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa takriban nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa nalo kwa kiwango fulani. Hata hivyo, mzee ana haki ya kutibiwa sawa na kijana.

Hatari ya tembe za kujinunulia

Sildenafil, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwasaidia wengi ikitolewa na daktari. Lakini mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akiimeza, presha yake inaweza kushuka ghafla hadi akafa. Mitishamba isiyojulikana kilichomo nayo si salama, kwani baadhi ya bidhaa hizo zimewahi kupatikana zikiwa zimechanganywa na dawa hiyo hiyo kisirisiri.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, au kifua kikiuma wakati wa tendo la ndoa, kimbilia hospitali mara moja.

Utakachokutana nacho kliniki

Mhudumu atakuuliza maswali faraghani, akupime presha, sukari na uzito, na pengine kuagiza kipimo cha mafuta katika damu na cha homoni. Unayoyaeleza ni siri. Tiba yaweza kuwa kudhibiti kisukari, kuacha sigara, kufanya mazoezi, ushauri nasaha au dawa. Ukitaka, fika na mke wako, kwa sababu ukimya huumiza wote wawili.

Anza na zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu nawe. Kwa mkazi aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), huduma za msingi katika vituo hivyo hugharimiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Anayeona haya kupanga foleni anaweza kuanza kwa kuzungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwake, ambao wengi wao wana mashine za kupima presha na sukari. Huko utapimwa nyumbani, kisha uelekezwe kituoni ikihitajika.